Rafiki yangu anataka nitie sahihi ya ubaharia nisioujua

Shikamoo mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na leo nimeona na mimi nikuandikie. Naogopa utaniona mtu asiye na shida, maana ninayoyaleta ni mambo ya safari ya starehe. Lakini usingizi umenipotea.

Sisi ni marafiki tangu chuo. Miaka yote tumekuwa tukisema iko siku tutakodi boti ya matanga, tuzunguke visiwa vya nchi za joto, tulale majini na tuamke tukiogelea. Mwaka huu limekuwa kweli. Tumekodi katamarani, ile boti pana ya matanga yenye miili miwili, ya vyumba vinne kwa wiki moja. Tumeikodi yenyewe, bila nahodha wa kampuni, kwa sababu mmoja wetu ndiye atakayekuwa nahodha. Nimwite Kaka, maana kwangu ni kaka. Tutakuwa watu wazima saba, pamoja na binti yake Kaka mwenye miaka tisa.

Kaka ana cheti. Alikipata miaka miwili iliyopita baada ya kozi ya wiki moja, na mimi nilikuwa kwenye boti hiyohiyo. Yeye alikuwa anasomea unahodha, mimi nilikuwa ngazi ya chini kabisa, ya kuvuta kamba na kukunja tanga. Nilifurahi sana, ila sijajifunza zaidi ya hapo.

Kuna jambo nililiona kwenye kozi ile. Tulikuwa tunaingia gatini, upepo unatupiga ubavuni, na mwalimu akamwachia Kaka usukani. Boti ikaanza kusukumwa upande, inaelekea boti nyingine zilizofungwa pale. Kaka akaganda. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, vidole vimekaza, na gia haisogei mbele wala nyuma. Mwalimu alimwambia "rudisha nyuma", akarudia tena, mwishowe akauweka mkono wake juu ya mkono wa Kaka na kuivuta gia mwenyewe. Tuliikwaruza boti ya watu kidogo, hakuna aliyeumia. Baadaye tukiwa mezani na wenzetu, Kaka akasimulia tukio lile. Katika simulizi yake, mwalimu ndiye aliyechanganyikiwa na yeye ndiye aliyeinusuru boti. Wote wakamshangilia. Aliniangalia, nami nikainamia sahani yangu.

Tangu hapo, kwa ninavyojua, amepanda boti za matanga akiwa mgeni wa watu. Hajawahi kuwa nahodha wa safari hata moja.

Wiki iliyopita alinitumia fomu ya kampuni. Wanataka wasifu wa nahodha: amesafiri wapi, boti ya ukubwa gani, alikuwa na wadhifa gani. Kaka amejaza safari kadhaa na kote ameandika "nahodha". Chini yake kuna sehemu ya msaidizi wa nahodha. Hapo ameandika jina langu. Ameandika kwamba nimesafiri naye mara nyingi, kwamba naweza kushika usukani, kutia nanga na kutumia redio. Panasubiri sahihi yangu tu. Ujumbe alioambatanisha ulisema: "Ni karatasi tu hiyo, wanataka jina la pili. Tia sahihi twende."

Sijatia. Nimemwambia nimebanwa na kazi. Fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama, huyu si mtu wa kumfanyia ubaya. Mama yangu mzazi alipougua, Kaka ndiye aliyekuwa akinipokea zamu za usiku hospitalini ili nilale. Mwaka jana biashara yake ilianguka na akawa mtu wa kukaa kimya. Safari hii ndiyo iliyomrudishia uso wake. Mkewe anaogopa bahari, na ameniambia kwa kinywa chake: "Mradi mume wangu ndiye anaendesha, mimi sina wasiwasi."

Nimewaza kutia sahihi na kumwachia Mungu. Nimewaza kusema kazini wamenikatalia likizo, nijitoe. Nimewaza kuwaambia wenzetu wote. Kuna usiku nimewaza hata kuiandikia kampuni. Pesa karibu zote zimeshalipwa, na watu wameshaomba ruhusa makazini. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya mkewe na mwanawe. Nikinyamaza, sijui nitakuwa nimefanya nini. Na nikwambie ukweli, bahari yenyewe siiogopi sana. Ninachoogopa ni jicho atakaloniangalia nalo.

Nifanyeje?

Ninayeshindwa kutia sahihi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Usiombe radhi kwamba shida yako imezaliwa kwenye safari ya starehe. Mtu unayempenda kama ndugu wa tumbo moja amekuomba useme jambo lisilo kweli, kwa maandishi, na amekuomba kwa wepesi kama anayeomba chumvi. Wewe unajua uzito ambao yeye ama haujui, ama hataki kuutazama. Kukosa usingizi ni haki yako.

Nikikuelewa vizuri, unaona njia mbili. Ya kwanza ni kuwa rafiki mwaminifu na kutia sahihi. Ya pili ni kusema ukweli na kuwa msaliti. Kujitoa kwa kisingizio cha kazi umekuweka katikati, kama mlango wa nyuma. Ningependa tuitazame ramani hiyo upya, kwa sababu nadhani imechorwa na hofu, na hofu huacha njia nyingi bila kuzichora.

Kwanza, tutenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyaunganisha. Kuna aliyoyaandika Kaka juu yake mwenyewe, na kuna aliyoyaandika juu yako. Yale ya kwanza ni yake. Unaweza kuyatilia shaka, unaweza kumuuliza, lakini hukuwepo kwenye kila boti aliyopanda, na inawezekana kuna siku alipewa usukani usiyoijua. Yale ya pili ni yako peke yako. Unajua kama unaweza kutia nanga au huwezi. Hapo huhitaji ushahidi wa mtu, na kulikataa hilo si kumfichua yeyote. "Sitatia sahihi kwamba najua nisichokijua" ni sentensi inayokuhusu wewe tu. Nashangaa kama umewahi kuisikia ikisimama hivyo peke yake, bila kufuatwa na "Kaka ni mwongo".

Sasa hilo la "ni karatasi tu". Nilitamani kulipita haraka, lakini sitaweza.

Kampuni hazitaki jina la pili kwa ajili ya kujaza nafasi. Nahodha ni mtu, na mtu huugua. Siku ya tatu anaweza kuamka na homa. Anaweza kutapika kwa kichefuchefu cha bahari mpaka asiweze kusimama, na hilo huwapata hata mabaharia wazoefu. Anaweza kuteleza sitahani akavunjika mkono. Anaweza, na hili ndilo linalowanyima usingizi wanaozikodisha boti hizi, kutumbukia yeye mwenyewe majini huku tanga limejaa upepo. Upepo wa kawaida wa visiwa vya joto ni wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, na unaweza kuvuma hivyo siku nzima jua likiwaka, hauna dalili ya dhoruba hata kidogo. Boti haisimami kwa sababu mtu ameanguka. Anatakiwa mtu mmoja asimwondolee macho aliyeanguka na amnyooshee kidole muda wote, maana kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea upesi sana. Mwingine aisimamishe boti na kuigeuza. Mwingine aite msaada kwenye redio, chaneli 16, ile ya dharura. Fomu ile inauliza kwa lugha ya ofisi: siku hiyo, ni nani atakayejua la kufanya? Na Kaka amejibu kwamba ni wewe.

Sikuelezi haya kukutisha. Wiki nyingi za namna hii huisha kwa watu kurudi na ngozi zilizoungua na picha nyingi. Nakueleza ili ujue kwamba sahihi yako si zawadi unayompa Kaka. Ni ahadi unayowapa watu wote watakaolala kwenye boti ile, akiwemo binti wa miaka tisa na mama yake, na wao hawajui kwamba imetolewa kwa niaba yao.

Baada ya kusema hivyo, acha nimtetee Kaka kidogo, kwa sababu nina wasiwasi kwamba ile picha ya mkono ulioganda juu ya gia imekuwa kubwa sana kichwani mwako.

Kuingiza boti gatini upepo ukiwa ubavuni ni miongoni mwa mambo magumu kabisa kwa anayejifunza. Boti za matanga husukumwa kirahisi na upepo zikienda polepole, na hapo ndipo unapotakiwa uende polepole. Kuganda mara moja, tena ukiwa mwanafunzi, mwalimu pembeni, watu wanatazama, hakuthibitishi kwamba mtu hawezi kuwa nahodha. Sijawahi kumsikia baharia ambaye hajakwaruza kitu. Hivyo nikuulize: unachokiogopa hasa ni mkono ule, au ni hadithi iliyofuata? Mimi ningesimama kwenye hadithi. Nahodha aliyekosea anaweza kujifunza. Aliyeamini kwamba hakukosea hana pa kuanzia.

Na hata hadithi hiyo naiangalia kwa huruma. Umesema biashara yake ilianguka akawa mtu wa kukaa kimya. Inawezekana mezani pale, na sasa kwenye fomu, ndipo mahali pekee palipobaki ambapo yeye ni mtu anayeweza. Sisemi ndivyo ilivyo. Simjui, wewe ndiye unayemjua. Nasema tu kwamba anayejikweza kwa maandishi si lazima awe tapeli. Mara nyingine ni mtu anayezama, anajishikilia kwenye chochote kinachoelea. Ukienda kuongea naye ukiwa na sura hiyo akilini, sauti yako itakuwa nyingine kabisa.

Hukuniambia ni visiwa gani, wala mwezi gani mnaokwenda, na hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Cheti kimoja kinaweza kutosha mahali na kupwaya mahali pengine. Kwenye Visiwa vya Virgin vya Uingereza kuna mlango wa bahari unaoitwa Sir Francis Drake ambao visiwa vimeukinga pande nyingi; ukiwa umetia nanga leo unakiona kwa macho kisiwa cha kesho. Ndiyo maana hupendwa na wanaoanza. Shuka kusini zaidi, uvuke kati ya visiwa vya St. Vincent na Bequia, na utakuta mlango wa bahari ulio wazi kwa mawimbi yanayotoka Atlantiki. Bahari ya Karibi ni ileile, kazi ni tofauti. Kisha kuna msimu: vimbunga vya Karibi huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kipindi kikubwa ni Novemba hadi Aprili. Mwulize Kaka njia mnayopita siku kwa siku. Muulize mnategemea kutia nanga saa ngapi kila siku. Nahodha aliyeandaa safari atafurahi kuulizwa. Atakwambia kwamba penye matumbawe mtaingia jua likiwa juu, kwa sababu hapo ndipo maji yanaposomeka: bluu iliyokolea ni kina, kijani cheupe ni mchanga na maji machache, kahawia ni mwamba, kaa mbali. Atakwambia kwamba karibu na ikweta jua likizama giza hushuka ndani ya muda usiofika nusu saa, kwa hiyo lazima muwe mmetia nanga mapema, na mnyororo uwe umeachiwa mara tano ya kina au zaidi. Majibu yake yatakueleza mengi kuliko fomu, na kuliko kumbukumbu yako ya gatini.

Hapo pia unaweza kugundua kwamba anajua kuliko ulivyofikiri. Uwe tayari kwa hilo. Wakati mwingine tunaposhikilia siri ya mtu kwa muda mrefu, tunaacha kumtazama yeye, tunaitazama siri.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani Kaka hajaliwaza. Fomu si lango la mwisho. Kampuni nyingi, siku ya kukabidhi boti, humtuma mtu wao apande, aipitie boti pamoja na nahodha, na mara nyingine amwombe aitoe gatini na kuirudisha. Wasiporidhika, mikataba mingi inawapa haki ya kuweka nahodha wao ndani ya boti, kwa gharama ya waliokodi. Unaona picha hiyo? Gati lilelile, upepo uleule, lakini sasa mkewe na binti yake wamesimama pale na mabegi. Aibu unayojaribu kumkinga nayo leo huenda ikamsubiri huko, kubwa zaidi. Tena ajali ikitokea na ikaonekana taarifa za kwenye fomu hazikuwa za kweli, bima inaweza kugoma kulipa, na dhamana mliyoweka inaweza kuliwa. Mkataba wenyewe uombeni, msome wote wawili. Yumkini Kaka, aliyetoka kuona biashara ikianguka, atalielewa hilo haraka kuliko hoja yoyote ya uaminifu.

Sasa njia zenyewe. Nitazitaja kadiri ninavyoziona, na hazilingani.

Iliyo wazi zaidi, na ambayo hukuitaja kabisa, ni kumkodi nahodha. Si lazima kwa wiki nzima. Zipo kampuni zinazokubali akae nanyi siku moja au mbili za mwanzo, awaonyeshe boti, awaonyeshe wapi nanga inashika na wapi haishiki, kisha ashuke. Kaka anabaki nahodha wa siku zilizobaki, akiwa ameshaziona mbili kwa macho ya mzoefu. Kuna pia safari za msafara, boti kadhaa zinaongozana na boti moja ya wataalamu, na kila familia inaendesha yake. Shida zipo. Gharama inaongezeka na chakula chake ni juu yenu. Kitanda ndicho kigumu zaidi: vyumba vyenu vinne vimejaa, hivyo mtu mmoja atalala sebuleni, au nahodha atalala kwenye kile kijichumba cha omo, mbele kabisa ya boti, ambacho baadhi ya katamarani huwa nacho. Lazima pia muulize boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi. Na wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Kama Kaka atakuwa akishindana na mgeni huyo mbele ya wote, wiki itakuwa ndefu.

Lakini swali gumu kwenye njia hii ni lako wewe. Utalipendekeza kwa sababu gani? Unaweza kusema "tupate mwenyeji anayejua visiwa", na itakuwa kweli, na heshima ya kila mtu itabaki. Wengi wangefanya hivyo, na siwalaumu. Ila jiulize kama kinachokutoa usingizi kitaisha hapo. Boti itakuwa salama. Kaka ataendelea kujifanya kwamba hukuona alivyoganda, na wewe utaendelea kuinamia sahani. Labda hilo unaweza kuishi nalo. Labda siyo.

Kukataa sahihi peke yake, bila neno zaidi, ni njia nyepesi kuliko zote, na ina hatari moja iliyo wazi: jina lako likitoka, jina gani litaingia? Likiingia la mkewe, ambaye anaogopa maji, utakuwa umetoka wewe kwenye fomu na tatizo limebaki palepale.

Kujitoa kwa kisingizio cha kazi nakuelewa kabisa. Ni mlango usio na kelele. Naomba tu ujipe jioni moja ya kuiwaza wiki ile ukiwa umebaki nyumbani, simu mkononi, unasubiri picha zao. Ukiona unaweza kuzipokea kwa amani, sawa. Nadhani, kwa namna ulivyoniandikia, utakuwa unahesabu siku.

Kuwaambia wenzenu wote kwa pamoja kuna haki yake. Wanapanda boti hiyo kwa kuamini jambo, na mtu ana haki ya kujua anapanda nini. Lakini neno likiangushwa kwenye kundi la WhatsApp halirudi, na Kaka atalisoma akiwa peke yake. Na huyo mkewe, maneno yake yanaumiza zaidi kwa sababu ni ya imani. Kama itafika mahali lazima ajue, nani anafaa kumwambia? Ningetamani awe mumewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sijui kama atakubali.

Kwa kampuni, huna haja ya kumtaja mtu. Unaweza kuwauliza kama mteja: msaidizi wa nahodha anatakiwa ajue nini hasa, na kama kundi halina mtu wa hivyo, wanawashauri nini wateja wao? Maswali hayo wanaulizwa kila siku. Majibu yake utakayoyapata yatakusaidia hata kwenye mazungumzo na Kaka, kwa sababu hutakuwa umebeba hofu yako tu, utakuwa umebeba na njia.

Na muda ukiruhusu, kuna jambo ambalo linanivutia kwa sababu linawahusu wote wawili. Rudini majini kabla ya safari, na mwalimu, hata kwa siku mbili tatu. Yeye aingize boti gatini mpaka mkono uzoee. Wewe ujifunze kutia nanga na kuitumia redio, ili siku ukitia sahihi iwe ya kweli. Tahadhari yake ni kwamba mafunzo machache huweza kumpa mtu ujasiri mwingi kuliko ujuzi. Hata hivyo, "nataka nijifunze kile ulichoandika kwamba nakijua, twende wote" ni mwaliko, na mtu anaweza kuupokea bila kwanza kukiri chochote.

Karibu njia zote hizi zinapita kwa Kaka mwenyewe, na najua hapo ndipo miguu inapokufa ganzi. Umeniambia kwamba bahari huiogopi sana, unaogopa jicho lake. Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena.

Unadhani jicho hilo litasema nini? Labda: "Nilikaa na mama yako usiku, na wewe unaninyima sahihi." Kama ndilo hilo, basi deni unalolihisi ni kubwa, na fomu imekuja kulidai. Nakuuliza kwa upole: yeye amewahi kulidai? Au ni wewe uliyeliandika moyoni? Alipokuwa anakupokea zamu zile, sidhani alikuwa anaweka akiba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndiyo. Sasa dhiki yake ya leo ni ipi hasa: kukosa jina la pili kwenye fomu, au kubeba unahodha wa watu saba peke yake huku akijua moyoni kwamba aliwahi kuganda? Kama anajua, basi anaogopa, na hana wa kumwambia. Kati ya rafiki zake, aliyeshuhudia ni wewe peke yako.

Ukiamua kuongea naye, msikutane na watu wengine, wala usimwandikie. Mtoke, mtembee, msikae mkitazamana kama kwenye kesi. Usianze na fomu yake. Anza na yako. "Kaka, siwezi kuandika kwamba najua kutia nanga. Wewe ukianguka majini sitajua la kufanya, na nimeshindwa kulala kwa ajili hiyo." Kisha nyamaza, umpe nafasi. Anaweza kucheka na kukwambia unakuza mambo. Anaweza kukasirika. Anaweza kuwahi kwa wenzenu na kusema wewe ndiye mwoga, na hilo litauma, hasa kwa jinsi hadithi ya gatini ilivyogeuzwa. Anaweza pia kukaa kimya muda mrefu na kusema "unakumbuka ile siku?". Ikifika hapo, usimkumbushe mkono wake. Mwache asimulie mwenyewe, safari hii hadithi ilivyokuwa.

Akikataa kata kata, utakuwa umerudi kwenye swali la mtoto yule na mama yake, na utalijibu ukiwa umeshamtendea Kaka haki ya kumwambia yeye kwanza. Sitajifanya kwamba hapo pana wepesi.

Kwa sasa fomu iache ilivyo. Usiendelee kumwambia umebanwa na kazi; mwambie tu kwamba unataka muonane kabla hujaijaza, na umpe siku. Mwisho wa mwezi hauko mbali, na yeye pia atahitaji muda wa kutafuta nahodha, au mwalimu, au maneno ya kumwambia mkewe. Niandikie mkishaonana, hata kama yameharibika.